Craig Rodwell: Muuza vitabu aliyekataa kufunga pazia

Ijumaa ya tarehe 24 Novemba 1967, siku moja baada ya Wamarekani kula bata mzinga wa sikukuu ya Shukrani, kijana wa miaka 27 alifungua duka dogo katika namba 291, Mtaa wa Mercer, jijini New York. Mama yake alikuwa amesafiri kutoka Chicago kuja kumsaidia. Kwenye rafu kulikuwa na vitabu vya aina kama 25 tu, kila kimoja nakala kadhaa, zimepangwa kwa kutanuliwa ili duka lisionekane tupu.

Duka la vitabu, sasa hapo habari iko wapi?

Habari ilikuwa kwenye dirisha. Duka liliitwa Oscar Wilde Memorial Bookshop, na lilikuwa la kwanza Marekani kuuza vitabu vya waandishi mashoga na wasagaji pekee, na vitabu kuhusu maisha yao. Tena halikuwa ghorofani nyuma ya korido, wala chini ya ngazi. Lilikuwa usawa wa barabara, na kioo chake hakikufunikwa. Mpita njia yeyote angeweza kuona nani yuko ndani, na aliye ndani alijua anaonekana.

Kwa New York ya wakati ule hilo lilikuwa jambo la hatari. Mapenzi ya jinsia moja yalikuwa kosa la jinai katika karibu kila jimbo la Marekani. Madaktari wa akili waliyaweka kwenye orodha ya magonjwa, na hawakuyaondoa hadi mwishoni mwa 1973. Mtu akikamatwa kwenye msako wa baa, jina lake lingeweza kutokea gazetini, na Jumatatu asikute kazi yake. Ndiyo maana baa za watu hao zilikuwa na madirisha meusi au yaliyozibwa kwa mbao. Wateja wenyewe walishukuru kwamba hawaonekani.

Craig Rodwell hakuwa mtu wa kushukuru kwa hilo.

Mtoto wa shule ya bweni

Alizaliwa Chicago tarehe 31 Oktoba 1940. Wazazi wake walitengana kabla hajatimiza mwaka mmoja. Mama alibaki na mtoto na kazi za mshahara mdogo, akawa anamwacha kwa walezi. Craig alipofika umri wa kuanza shule, alipelekwa bweni nje ya jiji, kwenye shule ya wavulana iliyoendeshwa kwa misingi ya Christian Science, dhehebu lililoanzishwa Marekani katika karne ya 19. Ilijulikana kama mahali pa watoto wenye matatizo, ingawa tatizo la Craig lilikuwa moja tu, mama hakuwa na wa kumwachia.

Alikaa huko hadi akawa na miaka 14. Nidhamu ilikuwa kali na upendo ulikuwa wa kupimiwa. Lakini shule ile ilimpa vitu viwili ambavyo hakuviacha hadi anakufa. Cha kwanza ni imani yenyewe. Cha pili ni fundisho kwamba ukweli husemwa hata kama unakuumiza. Wengi hulisikia fundisho hilo utotoni na kulisahau ukubwani. Yeye alilichukua kama amri, na hilo lilimletea shida nyingi kuliko raha.

Na kuna jambo jingine. Waumini wa Christian Science wana desturi ya kufungua vyumba vya kusomea mitaani, vyenye madirisha ya kioo, ambamo mtu yeyote anaweza kuingia, kukaa na kusoma bila kuulizwa maswali. Ukiliangalia duka la Mtaa wa Mercer kwa jicho hilo, unaanza kuelewa wazo lilitoka wapi.

Alipomaliza sekondari alisoma densi ya bale, kwanza Boston, halafu mwishoni mwa miaka ya 1950 akahamia New York. Bale ilikuwa sababu ya kueleweka nyumbani. Kilichomvuta hasa kilikuwa Greenwich Village, mtaa ambao alikuwa amesikia kwamba watu wa aina yake wanaishi. Huko alijitolea kwenye Mattachine Society, moja ya vyama vichache sana vilivyokuwepo vya kutetea watu wanaopenda watu wa jinsia yao. Chama kilikuwa cha tahadhari kupita kiasi, na wanachama wengi walitumia majina ya bandia. Kijana akaingia na jina lake halisi.

Harvey Milk

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Rodwell aliangukia mapenzi na mwanaume aliyemzidi umri kwa miaka kumi. Jamaa alifanya kazi kwenye masuala ya fedha, alivaa suti, alipenda opera na alikuwa mcheshi ajabu. Kila asubuhi alimpigia simu kumwamsha. Jina lake Harvey Milk.

Wasomaji wengi watalijua jina hilo. Miaka 15 baadaye Milk alichaguliwa kuwa mjumbe wa baraza la jiji la San Francisco, mmoja wa mashoga wa kwanza nchini humo kushinda uchaguzi bila kujificha, na tarehe 27 Novemba 1978 akapigwa risasi na kufa akiwa ofisini. Filamu imetengenezwa kuhusu maisha yake, na shule na mitaa imepewa jina lake.

Lakini Milk huyo wa mwanzo wa miaka ya 1960 hakuwa mwanaharakati hata kidogo. Familia yake haikujua lolote. Kazini hawakujua lolote. Maisha yake yote yalisimama juu ya kutojulikana, na mpenzi wake alikuwa kijana asiyejua kunyamaza.

Septemba 1962 polisi walikuwa wanasumbua wanaume kwenye ufuo wa Riis Park kwa kutumia sheria ya zamani ya mavazi ya kuogelea, iliyosema nguo ifunike mwili kutoka wapi hadi wapi. Rodwell aliwajibu. Akakamatwa, akalala ndani. Milk aliposikia, aliogopa. Kama mtu wake wa karibu anakamatwa namna hii, siku moja polisi wangebisha na kwake. Mapenzi yakapoa haraka, kisha yakaisha.

Kwa Rodwell lilikuwa pigo kubwa. Mwaka huo huo alijaribu kujiua. Aliokolewa, akalazwa hospitali, na taratibu akarudi mjini. Alikuwa na miaka 22 na hakuwa na kitu. Kuanzia hapo alifanya kazi za harakati kama mtu ambaye hana tena cha kupoteza.

Watu kumi kwenye mstari

Tarehe 19 Septemba 1964 alikuwa mmoja wa watu kama kumi waliosimama na mabango mbele ya ofisi ya kuandikisha wanajeshi, Mtaa wa Whitehall. Walikuwa wanalalamika kwamba jeshi linatoa siri za vijana wanaokataliwa kwa sababu ya mapenzi yao, na siri hizo zinafika kwa waajiri. Ilikuwa Jumamosi, mvua inanyesha, na magazeti hayakujishughulisha. Hata hivyo, wanahistoria wengi wanaitaja siku hiyo kama mara ya kwanza kwa Wamarekani kuandamana hadharani kudai haki za mashoga.

Mwaka uliofuata wazo lake likawa kubwa zaidi. Kwa nini wasiandamane kila mwaka, siku ya uhuru, tarehe 4 Julai, mbele ya jengo la Philadelphia ambamo Azimio la Uhuru wa Marekani lilipitishwa? Vyama vya miji ya mashariki vikakubali. Mwaka 1965 walikwenda watu kama 40, wakatembea kwa mduara, kimya, mabango mikononi. Wakarudia hivyo kila mwaka hadi 1969.

Kulikuwa na masharti ya mavazi. Wanaume suti na tai, wanawake gauni. Aliyesimamia masharti hayo alikuwa Frank Kameny wa Washington, mtaalamu wa elimu ya nyota aliyefukuzwa kazi serikalini mwaka 1957 kwa sababu ya mapenzi yake. Hoja yake ilikuwa kwamba kama unataka serikali ikuajiri, uonekane kama mtu wa kuajiriwa. Kameny alikuwa jasiri, hilo halina ubishi. Rodwell alivaa suti pamoja na wengine, kwa jua la Julai, lakini kila mwaka ilimbana zaidi.

Halafu ikaja siku ya vinywaji. Aprili 21, 1966, Rodwell, Dick Leitsch na John Timmons, wakiwa na waandishi wa habari nyuma yao, walianza kuzunguka baa za New York. Mpango ulikuwa rahisi. Wanaingia, wanatangaza kwamba wao ni mashoga, wanaomba kinywaji, na wakinyimwa wanapeleka malalamiko. Wakati huo wenye baa waliamini kwamba wakiwahudumia watu kama hao wanaweza kupoteza leseni, kwa kuwa mamlaka ya pombe ya jimbo ilihesabu kuwepo kwao tu kuwa ni fujo.

Baa ya kwanza, yenye bango la kuwaambia mashoga waende zao, ilipata fununu ikafunga. Ya pili, meneja alicheka na kuagiza waletewe. Ya tatu, wakapewa pia. Ukiwatazama unaona kichekesho chenyewe, watu wanazunguka mji mzima wakitafuta mahali pa kukataliwa na wanaambulia pombe tu. Mwisho wakafika Julius', baa ya zamani kwenye Mtaa wa West 10th. Randy Wicker, mwanaharakati mwingine, alikuwa amejiunga nao. Mhudumu alishaweka bilauri, aliposikia wanachosema akaifunika kwa kiganja. Mpiga picha wa gazeti la Village Voice akabonyeza. Picha hiyo ya mkono juu ya bilauri inachapishwa hadi leo.

Pesa za kisiwani

Ndani ya Mattachine, Rodwell alikuwa na ombi moja analolirudia. Chama kiache ofisi ya ghorofani, kikodi chumba usawa wa barabara, mtu aweze kuingia tu. Viongozi walikataa. Mtaani ni ghali, mtaani ni hatari, mtaani kila mtu anaona. Alipochoka kuomba akajiuzulu.

Majira ya kiangazi alikwenda Fire Island, kisiwa cha mapumziko karibu na New York, akafanya kazi kwenye hoteli ya wenye boti. Alifagia, alihudumia wageni na kutunza kila dola. Duka la Mtaa wa Mercer lilitokana na akiba hiyo. Hakuna mfadhili wala mkopo wa benki.

Jina alilolichagua lina maana yake. Oscar Wilde, mwandishi wa Ireland, alihukumiwa London mwaka 1895 kifungo cha miaka miwili na kazi ngumu kwa sababu ya mahusiano yake na wanaume. Alitoka gerezani amevunjika, akafa Paris mwaka 1900. Rodwell aliona kwamba mtu ambaye watu wa tabaka lake waliona aibu kumtaja ndiye anayefaa kuwa juu ya mlango.

Halafu kuna uamuzi ambao wafanyabiashara wengi wangeuita wa kijinga. Duka halikuuza magazeti wala picha za ngono. Pesa ilikuwa huko, na kila mtu alijua. Vibanda vya eneo la Times Square viliishi kwa biashara hiyo, nyuma ya mapazia, kwa bei ya kuruka. Rodwell alikataa. Alitaka mtu aingie dukani kwake na kukuta riwaya, historia, mashairi na ushauri wa sheria, si kukuta kwamba dunia inamfikiria kwa kitu kimoja tu. Matokeo yake rafu zilikuwa chache na kipato kidogo. Vitabu vyenyewe havikuwa vingi sokoni, na katika vingi mhusika shoga alimalizikia kaburini au hospitali ya wagonjwa wa akili.

Duka likafanya kazi nyingine zaidi ya kuuza. Kulikuwa na ubao wa matangazo, vipeperushi vya bure na majina ya mawakili. Kijana aliyeshuka basi kutoka mji mdogo, hajui mtu, alijua pa kuanzia. Walioishi mbali waliagiza kwa posta. Ukiwa na simu mkononi ni vigumu kufikiria hali hiyo, kwamba mtu wa miaka 19 huko kijijini Ohio hana namna yoyote ya kujua kama yuko peke yake duniani, hadi bahasha ifike.

Kwenye duka hilo Rodwell alianzisha kikundi cha vijana na kijarida, New York Hymnal. Humo aliandika mambo ambayo vyama vya heshima havikuyagusa. Toleo la mwanzoni mwa 1968 lilishambulia Mafia, kundi la wahalifu lililomiliki baa nyingi za mashoga jijini. Hoja yake ni kwamba sheria ilipowazuia wafanyabiashara halali kuwahudumia watu hawa, iliwakabidhi kwa majambazi. Majambazi waliuza pombe iliyochanganywa maji kwa bei ya juu, wakawalipa polisi, na wateja hawakuwa na pa kulalamika. Mfano aliouchagua ulikuwa baa ya Mtaa wa Christopher ambayo nyuma ya kaunta haikuwa na maji ya bomba ya kuoshea bilauri. Iliitwa Stonewall Inn.

Vioo vya duka lake vilivunjwa zaidi ya mara moja. Simu za vitisho zilikuwa jambo la kawaida. Alibadilisha kioo, akafungua tena.

Usiku wa Stonewall

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 28 Juni 1969, Rodwell alikuwa anarudi nyumbani kwa miguu pamoja na mpenzi wake Fred Sargeant, kijana aliyekuwa pia msimamizi wa duka. Walipofika Mtaa wa Christopher wakakuta umati mbele ya Stonewall Inn. Polisi walikuwa wamevamia baa, jambo la kawaida kabisa. Kisicho cha kawaida ni kwamba safari hii watu hawakutawanyika.

Wapo waliorusha sarafu, wapo waliorusha chupa, na polisi wakajifungia ndani ya baa waliyokuja kuifunga. Rodwell alipanda juu ya ngazi za nyumba moja na kupaza kauli ya kudai nguvu ya mashoga. Halafu akafanya jambo ambalo wengi pale hawakulifikiria. Alitafuta simu akayapigia magazeti makubwa ya jiji. Alishajifunza kwenye mvua ya Whitehall kwamba tukio lisiloandikwa ni kama halikutokea.

Siku zilizofuata, huku vurugu zikirudi usiku, yeye na Sargeant walichapisha vipeperushi 5,000 na kuvigawa mtaani. Vilitaka Mafia na polisi, wote wawili, watoke kwenye baa za mashoga. Angalia kwamba hakuitetea baa. Alikuwa ameichukia Stonewall kabla watu hawajaifanya alama, na aliendelea kuichukia.

Wiki moja baadaye ilikuwa 4 Julai, zamu ya Philadelphia. Basi likaondoka New York likiwa limejaa vijana ambao siku sita zilizopita walikuwa barabarani. Kwenye mduara, wanawake wawili wakashikana mikono. Kameny akaenda akawatenganisha.

Hapo ndipo Rodwell alipofika mwisho. Akawaambia wenzake wa New York washikane mikono, wakatembea hivyo mbele ya waandishi. Uhusiano wake na Kameny haukuwahi kuwa vilevile. Waliobishana pale walikuwa watu wa upande mmoja, wenye majeraha yaleyale, na kila mmoja alikuwa na hoja.

Kwenye basi la kurudi, Rodwell alishaamua kwamba mduara wa suti umekwisha.

Orodha ya anwani

Novemba 1969 vyama vya mashariki vilikutana Philadelphia. Rodwell, Sargeant na wanafunzi wawili wa kike, Ellen Broidy na Linda Rhodes, walileta azimio walilolipanga nyumbani kwa Rodwell, Mtaa wa Bleecker. Maandamano ya kila mwaka yahamie New York, mwishoni mwa Juni, kukumbuka Stonewall. Miji mingine ialikwe kufanya yake siku hizo hizo. Na mstari mmoja ulioandikwa kwa makusudi ulisema kusiwe na masharti ya mavazi wala umri.

Azimio likapita. Kazi ikabaki.

Hapa ndipo duka lilipofanya kazi ambayo haionekani kwenye picha. Harakati hazikuwa na pesa wala ofisi, lakini kwenye kaunta ya Mtaa wa Mercer kulikuwa na orodha ya anwani za wateja, watu waliokubali majina yao yaandikwe mahali fulani kwa kuwa walimwamini muuza vitabu. Barua za kuomba mchango zilitumwa kwenye anwani hizo. Mikutano ya kamati ilifanyika kati ya duka na chumba cha Rodwell, na ilijaa ugomvi, kwa sababu vikundi vipya vya baada ya Stonewall havikuelewana hata na vyenyewe. Brenda Howard alikuwa miongoni mwa waliobeba mzigo wa uratibu.

Jumapili tarehe 28 Juni 1970, kibali cha polisi kilitoka saa mbili tu kabla ya kuanza. Waliokusanyika Greenwich Village mwanzoni walikuwa wachache, na wengi waliogopa. Safari ilikuwa ya vipande 51 vya mitaa hadi bustani ya Central Park, na hakuna aliyejua watu wa pembeni wangerusha nini. Wakatembea upesi, karibu kukimbia, kiasi kwamba baadaye wenyewe walitania kwamba yalikuwa mbio. Kadiri walivyopanda kaskazini watu wa kando ya njia walianza kushuka kutoka kwenye kingo na kuingia kwenye mstari. Walipofika bustanini walikuwa maelfu. Sargeant alipogeuka nyuma hakuuona mwisho wa msafara.

Gazeti la New York Times liliweka habari hiyo ukurasa wa kwanza. Chicago na Los Angeles ziliandamana wikiendi hiyo hiyo. Gwaride zote za mwezi Juni unazoziona leo kwenye simu, kutoka São Paulo hadi Sydney, hata zile ambazo baadaye zilihamishiwa miezi mingine, mizizi yake inafika kwenye azimio lile.

Kona ya Gay Street

Mwaka 1973 duka lilihamia namba 15, Mtaa wa Christopher, kwenye kona ya mtaa mdogo ambao tangu zamani unaitwa Gay Street, kwa bahati tu. Lilikuwa jembamba, lenye matofali, na sasa lilikuwa hatua chache kutoka Stonewall. Hapo ndipo wengi wanapolikumbuka.

Harvey Milk alikuwa amewahi kupita mara nyingi kwenye duka la Mercer, akikaa na kupiga soga. Alimwambia Rodwell kwamba angependa siku moja awe na duka lake, si kwa ajili ya faida bali kwa jinsi watu wanavyoingia na kutoka na mambo yao. Mwaka 1973 akafungua duka la kamera huko San Francisco, kwenye Mtaa wa Castro. Siasa zake zilianzia kwenye kaunta hiyo. Mwanaume aliyemwacha mpenzi wake kwa kuogopa kuonekana akaja kuwaambia watu wa nchi nzima wajitokeze. Rodwell aliona hayo yote kutoka mbali.

Maduka mengine yalifuata mfano. Toronto lilifunguliwa mwaka 1970, Philadelphia 1973, Washington 1974, London 1979. Wachapishaji wakagundua kwamba wasomaji hawa wapo na wananunua. Rafu zilizokuwa na aina 25 zikajaa hadi dari.

Rodwell mwenyewe hakutajirika. Sargeant aliondoka mwanzoni mwa miaka ya 1970 na, usishangae, baadaye akawa polisi katika jimbo la Connecticut. Rodwell alibaki na duka. Alibaki pia na imani yake, ingawa kanisa lilifundisha kwamba mtu kama yeye anahitaji kuponywa. Badala ya kuondoka, mwishoni mwa miaka ya 1970 aliwakaribisha waumini wenzake dukani, wakakutana kama kikundi, na wakathubutu kupeleka hoja yao hadi makao makuu ya kanisa Boston. Kwa wanaharakati wenzake hilo lilikuwa gumu kuelewa. Kwake lilikuwa lile fundisho la bwenini.

Alipewa tuzo ya Lambda Literary kwa mchango wake kwenye vitabu. Mwezi Machi 1993, akiwa anaumwa saratani ya tumbo, aliuza duka. Alifariki tarehe 18 Juni, siku kumi kabla ya kumbukumbu ya Stonewall, akiwa na miaka 52.

Duka lilipita mikononi mwa wamiliki kadhaa. Mwaka 2003 nusura lifungwe, likaokolewa na mmiliki wa duka la Washington ambalo lenyewe lilikuwa limefuata nyayo zake. Lakini kufikia wakati huo vitabu vyote vilivyokuwa adimu mwaka 1967 vilipatikana kwenye maduka makubwa na mtandaoni, kwa bei ya chini, vinaletwa mlangoni. Kodi ya pango Mtaa wa Christopher ilikuwa imepanda, uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka, na wateja waliokuja kupiga picha mbele ya dirisha walikuwa wengi kuliko walionunua.

Tarehe 29 Machi 2009, baada ya miaka 41, mlango ulifungwa. Karatasi za Rodwell zimehifadhiwa katika Maktaba ya Umma ya New York.